Mfamasia: famasi ya mtaani au ya hospitali?

Kwa kawaida leseni ya mfamasia ni ileile, na huhuishwa vilevile. Tofauti huanza ukifungua famasi yako: jengo nalo linataka kibali chake, na jokofu la insulini likitoka kwenye nyuzi 2 hadi 8, hasara ni yako. Hospitalini mzigo huo ni wa mwajiri. Huko pia unaliona faili la mgonjwa. Kipimo cha figo kikiwa kibaya, unampigia daktari simu ili dozi ya jentamaisini, antibiotiki inayoweza kudhuru figo, iangaliwe upya. Mtaani mtu anakuja na boksi tupu, "nipe kama hizi", nawe huna ila maswali yako. Kipato? Mshahara hauyumbi, duka huyumba. Mwenye mtaji na subira ya wateja, mtaani. Asiyechukia zamu za usiku, wodini.