OpenStudio na EnergyPlus kwa sisi tunaochora ramani Mtwara: nzuri, ila lazima uiambie uko wapi

Wakuu habari za kazi. Kuna watu wananiuliza hii OpenStudio na EnergyPlus, programu za kompyuta za kukadiria joto na umeme wa nyumba kabla haijajengwa, inafaa kwa nyumba zetu huku kusini au ni ya maghorofa ya wazungu tu, jibu langu inafaa, tena sana, ila ukibonyeza Run (kitufe cha kuanzisha hesabu) bila kubadilisha vipimo ilivyokuja navyo itakupa majibu ya nyumba iliyoko Marekani, sio ya Shangani wala Chikongola.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, EnergyPlus ndo injini yenyewe ya hesabu, imetoka Wizara ya Nishati ya Marekani, toleo la kwanza lilitoka 2001 wakaunganisha programu mbili za zamani, DOE-2 na BLAST. Yenyewe haina sura, ni mafaili ya maandishi tu, kwa hiyo OpenStudio ndo unayokaa nayo, unachora humo, unapanga vifaa vya ujenzi humo, afu inaituma kazi kwa EnergyPlus. Unaipa ramani, unaipa faili la hali ya hewa lenye masaa yote 8,760 ya mwaka, inakutolea joto la kila chumba saa kwa saa na umeme utakaoliwa. Zote mbili bure kabisa, hakuna kraki hakuna siku 30 za majaribio. Na ukishadaunlodi (andaa bando, ni mamia ya MB) hesabu zinafanyika kwenye laptopu yako mwenyewe bila intaneti, jambo ambalo kwa mtu anayefanyia kazi site Msijute ni kubwa kuliko anavyofikiria mtu wa Dar.

Kuchora sio shida. Zamani ilibidi uwe na SketchUp, programu ya kuchora ya 3D, uiwekee kiunganishi cha OpenStudio, na ile SketchUp ya bure ya kwenye brauza haikubali kuwekewa kitu cha ziada, lakini siku hizi OpenStudio ina kichoreo chake ndani, unaweka ramani yako kama picha chini unafuatisha kuta. Usichore mapambo. Kila nguzo ya urembo unayoweka ni mzigo bure, chora kuta, madirisha, paa na vivuli basi.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Templeti zake zimejengwa kwa viwango vya Marekani, ukuta una sufi ya kuzuia joto ndani, paa lina sufi, dirisha lina vioo viwili. Nani Mtwara ana ukuta wa hivyo? Sisi ni tofali la saruji la inchi sita, lipu nje na ndani, bati, jipsamu, dirisha la alumini kioo kimoja. Hivi vyote vitengeneze upya mwenyewe, unene, uzito, upitishaji joto, na kwenye bati kuna namba ya kiasi gani cha jua linakinyonya, hiyo iangalie kwa macho mawili, maana bati jeupe linanyonya kama robo hivi na lile la rangi ya mkaa ambalo kila mtu analitaka sasa hivi linanyonya karibu lote. Halafu kuna hili la ardhi ambalo kwa maoni yangu ni mtego mkubwa kuliko yote: EnergyPlus usipoiambia joto la ardhi chini ya sakafu, inajiwekea nyuzi 18 mwaka mzima. Nyuzi 18! Mtwara! Yaani sakafu yako inageuka friji la bure, nyumba inaonekana ya baridi, AC inaonekana haili umeme, unampelekea mteja ripoti tamu kumbe ni uongo. Weka joto linaloendana na pwani yetu, halafu linganisha majibu ya kabla na baada uone tofauti.

Na faili la hali ya hewa chukua la pwani. Yanapatikana bure Climate.OneBuilding.Org, ni ya mfumo wa EPW. Usichukue la Songea eti kwa sababu nayo ni kusini, Songea iko juu zaidi ya mita 1,000, watu wanavaa masweta kule.

Ukishaiweka sawa, ndo unaona utamu wake. Nina mteja, mama mmoja mwenye mashamba ya korosho, pesa ya msimu imeingia anataka nyumba ya kisasa ya kuficha bati kama alizoziona Dar. Zile nyumba mnazijua, ukuta umepanda juu unaficha paa, hakuna upenu, madirisha makubwa yanatazama popote. Nikamwambia mama hii itakuwa na joto, akasema kijana wangu wewe huipendi tu, mbona wenzako wanazijenga. Nikaacha kubishana. Nikaziweka zote mbili kwenye OpenStudio, ileile ramani, moja ya kuficha bati lenye rangi ya mkaa na nyingine ina upenu wa sentimita 60 na bati jeupe, nikamtolea grafu ya joto la chumba chake cha kulala wiki ya Novemba. Mistari miwili, mwekundu wa nyumba ya kuficha bati na wa bluu wa ile yenye upenu. Mwekundu unaanza kupanda saa nane mchana jua likiingia magharibi, na saa tano ya usiku bado haujashuka. Akauliza, "Hapo saa tano ndo nimelala?" Nikamwambia ndiyo mama. Akanyamaza, akasema basi nirudishie upenu, ila rangi ya bati tutaongea.

Kwanini sentimita 60 inatosha? Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linapita upande wa kusini kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Februari na miezi mingine linakuwa kaskazini, na Desemba liko juu mno, nyuzi 77 hivi, kwa hiyo upenu mdogo tu unafunika dirisha lote la kusini. Ila magharibi hapana. Pale jua linaingia limelala, upenu haukusaidii, lazima upunguze madirisha au uweke kibaraza au mti. Haya mafundi wazee wanayajua bila kompyuta, lakini mteja hamsikilizi fundi mzee, anasikiliza grafu.

Upepo ndo inataka subira. Kusi na kaskazi inavijua kutokana na lile faili, lakini neti ya mbu haijui. Ukiyaweka madirisha ya kupitisha upepo na kuyaacha hivyo itadhani hewa inapita wazi, kumbe neti inabana, hasa ikishika vumbi, kwa hiyo punguza namba ya upitaji hewa kwenye kila dirisha. Feni la juu nalo kwake ni wati tu zinazoongeza joto chumbani, raha ya upepo kwenye ngozi haihesabu mpaka uweke kasi ya hewa kwa watu waliomo.

Nikaijaribu pia kwa kujifurahisha na ukuta mnene wa mawe ya matumbawe kama wa zile nyumba za zamani Mikindani. Mchana safi sana, ndani kumetulia, lakini usiku ule ukuta unarudisha joto taratibu, na kwa sababu pwani usiku haupoi sana chumba cha kulala hakifaidi kama watu wanavyosimulia. Sebule ya mawe, chumba cha kulala cha ukuta mwepesi wenye madirisha mawili, huo mchanganyiko ndo uliotoka vizuri. Natamani nimpate mteja wa kuujenga.

Mabaya mengine niyapitie haraka. Makosa yake inayaandika kwenye faili la err kwa lugha ya kihandisi, ukiona Severe (kosa zito) usipuuze hata kama kazi imeisha. Ukitumia ile AC ya kubuni, Ideal Loads, namba inayotoka ni joto lililoondolewa, sio umeme, gawanya kwa ufanisi wa AC yako, tatu hivi kwa zile za kawaida. Na ripoti inakuja kwa GJ (gigajuli, kipimo cha nishati), mteja wa LUKU hiyo haimwambii kitu, GJ 1 ni kama uniti 278. Wala usimwahidi mtu kwamba bili yake itakuwa kiasi fulani kamili, watoto wakiacha mlango wazi na AC inawaka hakuna programu itakayojua. Ipo kwa ajili ya kulinganisha ramani A na ramani B kabla tofali halijapangwa, na kwa hiyo kazi sijaona ya bure inayoishinda.

DesignBuilder ya Waingereza inatumia injini hiyohiyo ya EnergyPlus na ni laini zaidi mkononi, ila ya kulipia, kwa nyumba za vyumba vitatu hela yake hairudi. EDGE ya IFC, shirika la Benki ya Dunia, ni kitu kingine, ya bure kwenye brauza, unajaza fomu inakwambia umeokoa asilimia ngapi upande wa nishati, maji na vifaa vya ujenzi, ukifika 20 kote kutatu unaweza kuomba cheti (cheti chenyewe kinalipiwa). Haikupi chumba kwa chumba saa kwa saa. Kwa hawa wanaojenga gesti Lindi wakiusubiri mradi wa LNG (gesi asilia ya kimiminika) wa Likong'o, vyumba ishirini kila kimoja na AC, mi ningeanza na EDGE nipate picha ya jumla, halafu vile vyumba vya upande wa magharibi tu ndo niviingize OpenStudio.