Fidia ya ulemavu ya jeshi la Marekani kwa anayeishi Dar es Salaam: malipo ni ya uhakika, matibabu yana kazi

Mjomba wangu alitumikia jeshi la Marekani, akaumia mgongo, na sasa anaishi Tabata kwa fidia ya ulemavu inayolipwa na idara ya askari wa zamani ya nchi hiyo, VA. Barua na fomu zake hupitia mikononi mwangu, hivyo naandika tathmini hii kwa ajili ya familia zenye ndugu aliyerudi nyumbani akiwa katika hali kama yake.

Kinachostahili sifa kubwa ni utaratibu uitwao TDIU, ambao humlipa asiyeweza kudumu katika kazi ya kumpatia riziki kwa kiwango cha asilimia 100, hata kama ulemavu wake umepimwa chini ya hapo. Sharti la kawaida ni ulemavu mmoja wa asilimia 60 au zaidi, ama ulemavu wa aina kadhaa unaofikia asilimia 70 kwa pamoja, mmojawapo ukiwa na angalau 40. Hesabu yake huwachanganya wengi, kwa kuwa asilimia hazijumlishwi: mwenye mgongo wa 50 na tatizo la akili la 30 hapewi 80, bali hiyo asilimia 30 hupigwa kwenye 50 iliyobaki, ikapatikana 15, jumla ikawa 65, kisha ikapandishwa hadi 70. Kwa viwango vya mwaka 2025, askari asiye na mke wala tegemezi mwenye asilimia 70 alilipwa dola 1,759.19 kwa mwezi, ilhali mwenzake wa TDIU alilipwa dola 3,831.30. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atamudu kodi ya nyumba pamoja na msaidizi wa kumhudumia, au ataishi kwa kuchangiwa na ndugu.

Umri hauangaliwi katika uamuzi, na kuishi nje ya Marekani hakumwondolei mtu haki. Hata kibarua chenye kipato kisichovuka mstari wa umaskini wa huko kwa kawaida hakimharibii, na kwa hapa Dar es Salaam mstari huo ni kipato cha kuheshimika. Fomu ya maombi, 21-8940, huuliza ajira za miaka mitano ya mwisho ya kufanya kazi, kwa hiyo anayerudi nyumbani asiziache kumbukumbu zake ughaibuni.

Upande wa matibabu siupi alama za juu. Mpango wa matibabu ya nje, FMP, hugharimia maradhi yaliyokubaliwa kuwa yametokana na utumishi au yanayoyazidisha hayo. Malaria ya kuipata hapa mtaani hujilipia mwenyewe. Aghalabu mgonjwa hutoa fedha kwanza, kisha huomba kurejeshewa ndani ya miaka miwili kwa bili inayotaja ugonjwa na kila huduma. Hospitali moja ya binafsi hapa jijini ilitupatia risiti yenye neno «matibabu» na jumla tu, ikatubidi kurudi kuomba mchanganuo.

Benki ya kwanza tuliyoitumia ilihoji chanzo cha fedha karibu kila mwezi, kana kwamba mzee anafanya biashara ya magendo. Tuliyohamia ilichukua nakala ya barua ya VA inayoonyesha kiwango cha malipo, ikaiweka kwenye faili, na tangu hapo mjomba hubadilisha dola kuwa shilingi bila maswali.