Projekta au meza ya mwanga kwa slaidi za zamani?

Ukirithi sanduku la slaidi za milimita 35, yaani vipande vya filamu yenye picha, kila kimoja kwenye fremu yake ndogo, utazitazama kwa projekta au kwa meza ya mwanga, yenye uso unaomulikwa kutoka chini, na lenzi ya kukuzia. Kwa raha ya familia nzima, projekta haina mpinzani. Kodak Carousel, iliyotoka mwaka 1961, hubeba slaidi 80 kwenye trei ya duara, na kipicha cha milimita 24 kwa 36 hujaa ukutani. Lakini taa yake ni kali. Slaidi ikishapata joto hubinuka katikati na picha hupoteza ukali. Tena rangi za Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, ambazo gizani hudumu miaka na miaka, hufifia upesi zikimulikwa. Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, kwa hiyo utapata iliyotumika tu: sikiliza feni kwanza, kisha uliza balbu yake kama bado inauzwa.

Meza ya mwanga ni ya mtu mmoja. Ila hapo unatandaza slaidi nyingi kwa pamoja, na lenzi ya mara 4 inakuonyesha fremu yote, pamoja na vumbi, mikwaruzo na ukungu ulioanza pembeni. Kwa kuchambua zipi za kuskani, nachagua meza bila kusita. Projekta ibaki ya jioni za wageni, na slaidi isikae kwenye taa zaidi ya dakika moja.