Ofisi ya wasaidizi wa kisheria, Moshi: nenda mapema, siku zinakwenda

Nimepika kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi miaka minne. Jioni moja mwezi wa nne, aproni bado kiunoni, meneja akaniambia, "Mama, kesho usije." Barua hakuna, sababu hakuna. Nikaondoka nikiamini kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana pa kudai.

Muuza nyanya wangu wa Mbuyuni ndiye aliyenielekeza kwa wasaidizi wa kisheria. Ni chumba kimoja chenye benchi mbili na meza, na ukutani kuna kalenda. Nawaandikia hasa wenzangu wa majikoni na dada wa kazi za ndani.

Mama aliyenihudumia hakuanza na vifungu. Aliniuliza tarehe niliyoambiwa nisije, akaishusha kalenda, akawa anagusa siku moja moja kwa ncha ya kalamu huku midomo ikihesabu. Kumi na tisa. "Umebakiwa na siku 11, mwanangu," akasema. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Mimi nilikuwa nasubiri watoto wafunge shule ndipo nianze kuhangaika!

Halafu akaniambia nifungue simu. Meseji za mshahara zilikuwepo, mwezi hadi mwezi, jina la mwajiri juu yake. Tukazinakili kwenye daftari tarehe na kiasi. Kumbe kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, maelezo ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri kuyatoa, na akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Hesabu alinipa niifanye mwenyewe, saba mara nne, na nilipopata 28 nikashindwa kuzuia machozi.

Fomu ya CMA tulijaza siku ileile. Alinisisitiza nakala ya mwajiri isainiwe na anayeipokea, la sivyo watasema hawakuiona. Kwenye usuluhishi walikubali kulipa notisi, kiinua mgongo na likizo ambayo sikuwahi kwenda.

Ninalowaomba wasaidizi hawa walirekebishe ni faragha. Binti aliyekaa pembeni yangu alikuwa anaeleza mambo ya mumewe kwa sauti ya chini, na benchi zima tulisikia. Hata pazia moja tu lingemsitiri. Pia ujue kwamba msaidizi wa kisheria si wakili, hatasimama mahakamani kwa niaba yako. Atakuelewesha, atakusaidia kuandika, na shauri likizidi uwezo wake atakuelekeza kwa wakili. Malipo hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka huduma hii iwe bure, kwa hiyo ukiombwa hela ya "faili" popote pale, uliza maswali.

Hufungua Jumanne na Alhamisi. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, beba simu yenye meseji za mshahara, kitambulisho, na picha yoyote uliyopigwa ukiwa na sare ya kazini.