TAHADHARI: Anayeuza safari za ngagi Kahuzi-Biega kwa nusu ya bei

Ndugu zangu wa Bukavu, hasa mnaopokea wageni likizo hii: kuna mtu anazungusha tangazo kwenye makundi ya WhatsApp, anauza safari ya kuona ngagi (gorila) kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega kwa nusu ya bei. Msimtumie makuta. Majirani zangu wa Nguba walimlipa dola kwa simu, wakapewa karatasi yenye muhuri, wakakodi gari mpaka Tshivanga, kwenye kituo cha mbuga, pamoja na wazee wao waliotoka Uvira. Walinzi wakaangalia daftari: majina hayamo, na karatasi ile si yao. Kumpigia muuzaji, simu imezimwa. Wazee wakarudi njia ya Miti bila kuona hata mnyama mmoja.

Anayeijua mbuga ataushtukia uongo mapema. Picha anazotuma ni za ngagi wa milimani, wale wa Virunga wenye manyoya marefu. Wa kwetu ni ngagi wa Grauer, na duniani kote wanaishi mashariki mwa Kongo tu. Anaahidi pia moto wa volkano usiku juu ya Kahuzi. Mlima huo wa mita 3,308 ulizimika zamani sana. Moto ni wa Nyiragongo, huko Goma. Watoto nao anasema waje wote, wakati walio chini ya miaka 15 hawapelekwi kwa ngagi.

Kilichonichoma roho zaidi ni hiki: ukiongeza pesa, anasema utamshika mtoto wa sokwe mtu upige naye picha. Jamani! Mtoto yule hatoki mgongoni kwa mama yake kwa hiari. Ili kumpata, wawindaji humuua mama, na mara nyingi na wenzake wanaomtetea. Wanaookolewa hulelewa Lwiro, kwenye kituo kilichoanzishwa 2002, na wengine hufika pale na majeraha ya kamba na risasi. Tena mafua yetu yanaweza kuwaua. Ndiyo sababu mbele ya ngagi watu huvaa barakoa, husimama mbali, na saa moja ikiisha huondoka. Anayekuuzia kumgusa mnyama wa porini, hata kama hakudanganyi, pesa yako inamlipa mwindaji.

Kibali cha kuingia hutolewa na ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga za Kongo. Ulizeni kwanza ofisi ya mbuga kama ziara zinaendelea na kama barabara ni salama, maana hali hubadilika. Huyu muuzaji kila siku kwake ni shwari. Lipeni huko, mpewe risiti yenye jina lenu na tarehe ya ziara.

Aliyekwisha kumlipa asifute kitu. Hifadhi mazungumzo, namba iliyopokea pesa na picha ya karatasi, upeleke polisi na nakala uiachie ofisi ya mbuga. Majirani wameshapeleka zao, na namba ile ikionekana kwenye malalamiko ya watu wengi, hawezi kusema ni bahati mbaya ya mteja mmoja.