Kofia ya lubugo saa moja asubuhi: nilivyoifurahia Melbourne Cup hapa Kampala

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri nilikuwa juu ya boda boda kutoka Ntinda kwenda Bugolobi, kofia nimeipakata mapajani ndani ya kavera kubwa, mfuko wa plastiki, maana mvua ya Novemba haina miadi. Nilikuwa naenda kwenye sherehe ya mbio za farasi. Ndiyo, alfajiri, tena siku ya kazi. Melbourne Cup hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya Novemba saa tisa alasiri kule Australia, na kwetu hapo huwa ni saa moja asubuhi. Jimbo lao la Victoria hupewa likizo siku hiyo. Sisi huku tulitakiwa kuwa ofisini saa tatu.

Tiketi ilikuwa shilingi 80,000 pamoja na kifungua kinywa, kwenye mgahawa mmoja wenye bustani. Hii ilikuwa Novemba 2024, na sijajutia hata senti.

Nianze na kofia, kwa sababu ndiyo iliyonipa furaha kabla ya farasi hata mmoja kutoka zizini. Mwaliko ulisema kila mgeni avae ya kichwani, mwanamume kwa mwanamke. Nilikwenda soko la Owino kwa fundi mmoja mama wa makamo, nikamwomba anishonee kofia pana ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Akanitazama kwa muda. "Nyabo, lubugo tunazikia watu." Nilimwambia najua, na kwamba kwa heshima hiyohiyo nataka nikivae kikiwa hai. Akacheka, akakikunja kidogo kukisikiliza kama kitapasuka, kisha akaanza kukata. Ukingoni alizungusha maua ya nyuzi za mgomba. Kofia ikatoka na rangi ya udongo uliolowa, na harufu yake ya moshi kwa mbali bado ninaipenda. Pale sherehe, watu watano niliokuwa siwajui walianza mazungumzo nami kwa kuiulizia hiyo kofia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Flemington, uwanja wa mbio hizi kule Melbourne, huvaa kofia zao za madaha: kofia humfanya mgeni awe na la kumwambia mgeni mwenzake.

Upande wa chakula nitapita haraka. Rolex, zile chapati zilizoviringwa na mayai, zilikuwa moto na mayai mengi, chai ya tangawizi ilitosha, ila foleni ilikuwa ndefu kwa sababu aliwekwa mpishi mmoja tu kwenye chapati.

Sasa kamari. Nilikwenda na wasiwasi na sioni haya kusema hivyo. Mdogo wangu aliwahi kuuza simu yake kwa ajili ya mikeka ya mpira, na nyumbani tulilia. Kwa hiyo nilitaka kuona hawa watu wanachezaje. Mlangoni walikagua vitambulisho, kwa kuwa sheria ya Uganda inataka mchezaji wa kamari awe ametimiza miaka 25. Ndani hapakuwa na kibanda cha kubeti. Palikuwa na kura. Kila anayetaka anatoa shilingi 10,000 mara moja, basi, anachomoa karatasi yenye jina la farasi. Wa kwanza 150,000, wa pili 50,000, na kilichobaki ni cha wa tatu. Hakuna kuongeza, hakuna kukopa ili urudishe ulichopoteza. Kwa roho yangu, huu ndio uchezaji pekee ninaoweza kumleta mdogo wangu akaukalia bila mimi kutetemeka.

Nikachomoa Warp Speed, farasi kutoka Japani. Shoga yangu niliyekuja naye akapata Vauban, mmoja wa waliotajwa sana pamoja na Buckaroo, akaanza kupanga matumizi. Mzee mmoja aliyekaa meza yetu, aliyewahi kuishi Melbourne, akanipa moyo: "Usijali binti yangu, mwaka 2006 Delta Blues wa Japani alilichukua kombe." Ndiye aliyetueleza pia kwamba mbio hizi za mita 3,200 hupangwa kwa uzito. Farasi mwenye sifa hubebeshwa kilo zaidi ili mnyonge naye awe na nafasi, na ndiyo maana mwaka 2015 Michelle Payne, mpandaji wa kwanza mwanamke kushinda kombe hili, alishinda na Prince of Penzance ambaye karibu hakuna aliyemtegemea. Nilimuuliza juu ya farasi wanaoumia. Hakukwepa. Alisema Anthony Van Dyck alikufa kwenye mbio za 2020, na tangu hapo uchunguzi wa madaktari umekazwa. Mwaka huohuo wa 2024 Jan Brueghel, farasi wa Ireland, alizuiwa kukimbia na madaktari wa mifugo. Nilishukuru kuambiwa ukweli kabla sijaanza kushangilia.

Mbio zenyewe ni dakika tatu na kitu. Kwa muda mrefu sikumwona farasi wangu. Mita mia mbili za mwisho kundi likafunguka, na mimi nikajikuta nimesimama juu ya kiti, kofia mkononi, naita jina la Kiingereza la farasi wa Kijapani kwa sauti ya pwani. Warp Speed na Knight's Choice wakapita mstari pamoja kabisa. Bustani nzima ikanyamaza kungoja picha ya mstari wa mwisho iamue. Ikawa Knight's Choice, kwa pua tu, farasi ambaye dola 1 ilirudisha karibu dola 90. Mpandaji wake, Robbie Dolan, Mwairishi, ni mwimbaji pia, mzee akatuambia, na nusu ya bustani ikapiga makofi upya. Vauban hakuonekana mbele.

Lawama yangu moja ni kubwa. Picha ya skrini ilikuwa inachelewa, na kijana mmoja mwenye simu alipaza sauti "ni Knight's Choice!" wakati sisi bado tunaangalia ile picha ya mstari. Waandaaji, tafadhali, simu ziwekwe kapuni kwa dakika tano, au tafuteni intaneti yenye nguvu. Mtu amelipa kwa ajili ya dakika hizo tatu.

Nililipwa 50,000 yangu papo hapo. Nikapitia Owino jioni, kofia kichwani, nikammalizia fundi deni la 30,000. Aliiweka sawa upande wa kushoto, akaniuliza mwakani nataka yenye manyoya au bila.