topoView ya USGS: kuusoma mji wa bondeni kwenye ramani ya zamani

Kwa anayefuatilia historia ya miji ya mabondeni Marekani, topoView, tovuti ya Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS), ni huduma ya kuanzia nayo. Ramani zake za topografia zinaanzia miaka ya 1880, na kuzipakua ni bure.

Chukua Johnstown, Pennsylvania, mji ulio kwenye makutano ya mito Stonycreek na Little Conemaugh. Bofya mji, kisha kwenye orodha chagua skeli ya 1:62,500, ambapo sentimita 1 ni mita 625. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zimesongamana pande zote, halafu zinaachana ghafla. Ule uwanda mwembamba ndio uliobeba reli, viwanda na nyumba kwa pamoja. Reli ya mteremko iliyofunguliwa 1891 inapanda takriban mita 150, lakini urefu wake kwenye karatasi haufiki hata milimita 4! Mwinuko mkali hivyo kwenye kipande kidogo unaeleza vizuri kwa nini bwawa la South Fork, juu ya mji huo, lilipobomoka tarehe 31 Mei 1889 na watu 2,209 kufa, maji yalishuka yakiwa yamebanwa na milima.

Usiitumie ramani hii, hata hivyo, kuamua kama kiwanja fulani kinafurika. Kontua za kila futi 20 zinaacha pengo la mita 6 hivi, kwa hiyo tuta la mita 3 linaweza lisionekane kabisa.

Wengi huteleza kwenye mwaka. Soma pambizo ya chini: mwaka wa kupima ardhi unaweza kuwa nyuma sana ya mwaka wa kuchapa, na mtaa uliojengwa katikati ya miaka hiyo haumo. Kwenye ramani za 1:24,000, rangi ya zambarau ni masahihisho yaliyotokana na picha za angani, mara nyingi bila kuhakikiwa ardhini. Waridi ni eneo lililojengwa sana, na huchorwa majengo mashuhuri tu. Nyumba zikikosekana hapo, usidhani zimebomolewa.

JPEG inatosha kwa kutazama. Kwa QGIS, programu ya kompyuta ya kushughulikia ramani, pakua GeoTIFF, yaani picha inayobeba taarifa za mahali ramani ilipo duniani, ukate pambizo nyeupe kabla ya kuunganisha karatasi jirani, la sivyo itafunika ramani ya pili. Karatasi nyingi za katikati ya karne ya 20 zinatumia NAD27, mfumo wa zamani wa kurejelea latitudo na longitudo. Ukiipachika karatasi kama hiyo WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, kwa nguvu badala ya kuacha programu ibadilishe, mto utahama makumi ya mita na daraja litaangukia nchi kavu.